Kitanda cha kwanza cha wanandoa wachanga wa Tanga: kipi kitangulie na kipi kiachwe

Wanandoa wachanga wengi wa Tanga huanza maisha katika chumba cha kupanga, au chumba na sebule, huko Ngamiani, Makorora au Mikanjuni, nao hujua tangu mwanzo kwamba watahama angalau mara moja kabla ya kujenga kwao. Kitanda watakachonunua kitafunguliwa, kitapakiwa kwenye bajaji ya mizigo na kuungwa upya mahali pengine, na wakati wote huo kitakuwa kinavuta unyevu wa hewa ya bahari ambao katika mji huu haukosekani hata wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unapanga vitanda kwa kuangalia kwanza ukavu wa mbao, kisha namna viungo vyake vilivyofungwa, na mwisho kabisa uzuri wa macho. Bei hazitajwi kwa tarakimu, kwa kuwa fundi mmoja anaweza kutaja bei tatu kwa siku moja kulingana na namna mteja alivyovaa, lakini kipi ni ghali kuliko kipi kitaelezwa.

Suala la ukubwa limalizwe nyumbani kabla ya kufika kwa fundi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha sita kwa sita kinachukua 36 kati ya hizo, na cha tano kwa sita kinachukua 30. Tofauti ya futi 6 za mraba inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo nafasi ya kufungulia mlango wa kabati, na baadaye ndiyo nafasi ya beseni la kumwogeshea mtoto. Kwa chumba kimoja, chukueni tano kwa sita. Mkumbuke pia kwamba ile sita ya pili ni urefu, yaani sentimita 183 hivi, na kwamba mume au mke mwenye kimo cha karibu futi sita atalala miguu ikigusa kitakizo, yaani ubao wa mwisho wa kitanda, kila usiku. Huyo aagize mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, ya futi 6 na nusu na godoro la kukatiwa kwa kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza: mtiki uliokomaa

Mkazi wa Tanga ana bahati ambayo mkazi wa Dodoma hana. Shamba la miti la Longuza, lililoko Wilaya ya Muheza chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mitiki nchini, na mti huo umepandwa katika nchi yetu tangu enzi za Wajerumani. Kiini cha mtiki kina mafuta ya asili yanayoufanya ubao usipendwe na mchwa wala bungua, mdudu anayetoboa mbao, na ukishakauka vizuri haupindi wala haupasuki ovyo majira yanapobadilika. Kwa hewa ya Pwani, hizo ndizo sifa mbili zinazohitajika kuliko nyingine zote.

Tatizo la mtiki liko kwenye umri wake. Shambani, miti michanga hukatwa ili kupunguza msongamano na kuwapa wenzao nafasi ya kunenepa, na mbao za miti hiyo huuzwa pia kwa jina lile lile la mtiki. Ubao wa mti mchanga una sehemu kubwa ya nyama ya nje, yenye rangi ya krimu, na sehemu hiyo haina kinga yoyote ya maana dhidi ya wadudu. Kwa hiyo mwombeni fundi awaonyeshe mbao kabla hazijapakwa kitu, na mziangalie kwenye ncha zilizokatwa kwa msumeno: kiini kina rangi ya kahawia yenye udhahabu, na mpaka wake na ule weupe wa nje huonekana wazi. Tendegu, yaani miguu ya kitanda, zote nne na mifumbati yote miwili iwe kiini kitupu. Weupe kidogo kwenye chaga unaweza kuvumiliwa, maana chaga ikiliwa hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini tendegu likiliwa kitanda chote hulala upande.

Bei ya mtiki mkomavu iko juu, ingawa kwa kawaida haifikii ya mninga, na kwa kuwa mbao zinatoka jirani, fundi mwenye nafasi anaweza kuwa nazo zimeanikwa kivulini kwa miezi mingi. Ulizeni ziliingia lini karakanani. Fundi anayejibu kwamba zimeletwa juzi anawauzia mbao mbichi, na mbao mbichi hukaukia chumbani kwenu, viungo vikilegea kadiri zinavyosinyaa.

Nafasi ya pili: mninga au mvule wa mtumba

Wengi hawatakubaliana na mpangilio huu, maana wanandoa wapya hupenda kila kitu kiwe kipya, na pengine wazazi watanuna. Hata hivyo kitanda cha mninga kilichotumika kwa miaka ishirini katika nyumba ya mtu anayehama kimeshamaliza kusinyaa. Kama kingekusudia kupinda, kingekuwa kimeshapinda. Bei yake mara nyingi huwa chini ya kitanda kipya cha mbao duni, na randa na msasa vikipita juu yake hakuna mgeni atakayejua.

Kazi iliyopo ni ya kukagua. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa methali hiyo ichukuliwe kama ilivyo, neno kwa neno. Kitanda kifunguliwe chote mbele yenu, palepale kwa muuzaji, kisha mmulike kwa tochi ya simu ndani ya matundu ya viungo, chini ya kitakizo na kwenye ncha za chaga. Vidoa vyeusi vidogo vilivyogandamana pembeni mwa tundu ni kinyesi cha kunguni, na maganda mepesi ya rangi ya kahawia ni ngozi walizojivua. Mkiviona, kitanda hicho kiachwe hata kikiuzwa kwa bei ya bure. Vishimo vidogo vya mviringo juu ya mbao ni alama ya bungua. Kama vimejaa vumbi la zamani lililokauka huenda mdudu ameshatoka, lakini kama unga mpya unadondoka mnapokigonga kitanda, mdudu yumo na anaendelea na kazi. Hata kilichopita ukaguzi kimwagiwe maji ya moto kwenye viungo vyote na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa ndani.

Nafasi ya tatu: mninga mpya

Mninga ni mti wa misitu ya miombo, na mbao zake hufika Tanga kutoka mbali, Tabora na Katavi zikiwa miongoni mwa sehemu zinakotoka. Husinyaa kidogo sana unapokauka, hurandika vizuri, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Umewekwa nafasi ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya udanganyifu: mbao nyingine hupakwa rangi ya mninga, vanishi ikapigwa juu, na mnunuzi akalipia jina. Pindueni ubao wa kitakizo na kukwaruza upande wa ndani kwa ncha ya funguo. Rangi ya mninga halisi imo ndani ya mti, ilhali ya kupaka huisha pale pale mkwaruzo unapoingia. Dai pia risiti, kwa sababu mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali, na mtu anayehamia mkoa mwingine akiwa na kitanda kisicho na karatasi hujipa kazi ya kujieleza kwenye vizuizi vya barabarani.

Nafasi ya nne: paini

Paini, yaani msonobari wa mashamba kama Shume huko Lushoto na Sao Hill huko Mufindi, ndiyo njia ya heshima kwa wenye bajeti ndogo. Ni laini, huchubuka, na mchwa huipenda, lakini katika chumba chenye sakafu ya saruji isiyo na nyufa hudumu miaka ya kutosha. Zile mbao zenye ukijani, zilizotiwa dawa kwa ajili ya paa na uzio, zisitumike kwa kitanda: dawa hizo huwa na shaba, na baadhi huwa na aseniki pia, hivyo vumbi lake lisivutwe wala vipande vyake visipikiwe.

Faida ya paini ambayo haisemwi ni kwamba wanandoa wanaweza kuinunua ikiwa haijamalizwa na kuimalizia wenyewe uani kwa siku mbili za mapumziko. Anza na msasa namba 120 kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kisha 220, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka vanishi nyembamba, iache ikauke kabisa, pitisha msasa mwepesi na urudie mkono wa pili. Kazi hii isifanywe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa kuwa vanishi ikikauka kwenye hewa iliyojaa maji hubaki na ukungu mweupe ambao hauondoki bila kupigwa msasa upya. Kitanda kikae nje ya chumba mpaka harufu iishe, na kama mke ni mjamzito, kazi ya vanishi imwangukie mume peke yake bila mjadala.

Zilizobaki

Kitanda cha chuma kinafaa kwa aliye mbali na bahari. Raskazone, ambako upepo wa chumvi huingia dirishani, kutu huanzia kwenye mishono ya kuchomelea hata kama rangi inang'aa kwingine kote. Anayekichukua achague bomba la mraba la unene wa milimita 1.5, akague ndani ya pembe kama rangi ya kuzuia kutu ilifika, na akitikise kwa mikono miwili, maana kitanda kinacholia dukani kitalia zaidi nyumbani, na kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba. Vitanda vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vile ambavyo madukani huitwa MDF, viko mkiani: maji yakivigusa huvimba, na skrubu ikishatoka mara moja au mbili tundu halishiki tena, kwa hiyo havivumilii kuhamishwa.

Kitanda cha kamba hakishindani na hivi, lakini kikipatikana kilichosukwa kwa kamba ya mkonge, zao ambalo Hindorf alilileta mwaka 1893 likapandwa Kikogwe, Pangani, kinastahili nafasi barazani kwa babu anapokuja kutembea.

Chaga, chandarua na malipo

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote katika vitanda vya Tanga iko mahali ambapo mnunuzi haangalii. Mafundi wengi hutoa chaga 7 za upana wa inchi 4. Katika urefu wa inchi 72, hizo huacha mapengo ya zaidi ya inchi 7, na godoro la sponji huzama humo na kuharibika kabla ya wakati. Chaga 11 huacha mapengo yasiyofika inchi 3. Mlipie fundi hizo 4 za ziada, pamoja na ubao wa katikati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Msikubali kuwekewa plaiwudi badala yake, kwa kuwa godoro lisilopumua huota ukungu upande wa chini.

Mifumbati ikae kwenye tendegu kwa ulimi unaoingia ndani ya tundu lililochongwa kwa patasi, ikikazwa kwa bolti na nati. Misumari hairuhusu kitanda kufunguliwa mara ya pili.

Wazazi wanaochangia hupenda samadari yenye nakshi, na kuwakatalia si adabu. Wanaweza kuombwa fedha hizo ziende kwenye besera, yaani nguzo nne na fremu ya kutundikia chandarua, ziwe za kuchomoa. Malaria ipo, na wenye nyumba wengi hawataki dari itobolewe.

Malipo yagawanywe: kianzio kinachotosha mbao, sehemu ya pili kitanda kikionekana kikiwa bado hakijapakwa vanishi, na iliyobaki baada ya fundi kukiunga ndani ya chumba chenu, wote wawili mkakikalia kila mmoja upande wake.