Bomba letu la majitaka limetiwa bitana bila kuchimba barabara: uzoefu wangu

Bomba la majitaka la mtaa wetu ni la udongo wa kuchoma, na mizizi ilikuwa imepenya kwenye maungio. Kila likizibuliwa, halikawii kuziba tena. Wakazi tulipochangishana kulikarabati, mkandarasi alisema ataingilia kwenye chemba tu, lami haitaguswa. Nilifuatilia kazi yote, na naisifu.

Walianza kwa kukata mizizi na kusafisha kwa maji ya shinikizo, wakapitisha kamera. Majitaka yakawa yanapampiwa juu, chemba hadi chemba. Kisha ukaingizwa mfuko mrefu wa kitambaa kizito uliolowa resini, yaani utomvu wa kemikali unaoganda na kuwa mgumu. Maji yanausukuma huku unajigeuza kama soksi, upande wenye resini unagandamana na ukuta wa bomba kuukuu. Maji hayohayo yakapashwa moto hadi resini ikawa ngumu, na mfuko ukawa bitana, yaani ukuta mpya ndani ya bomba kuukuu. Wapo wanaotumia mvuke au mionzi ya urujuanimno. Njia hii ilianzia London mwaka 1971 kwa mhandisi Eric Wood, na bitana za aina hii kwa kawaida husanifiwa zidumu miaka 50.

Pa kukazia macho ni kwenye matundu ya nyumba. Mfuko ukishapita, midomo yote ya mabomba ya majumbani huzibwa, na ni roboti yenye kikatio inayoingia kuifungua mmoja mmoja. Wa jirani yangu ulifunguliwa nusu, maji yakaanza kumrudia bafuni. Kampuni ilikana, mpaka tulipodai video ya baada ya kazi. Hapo wakarudi kukata upya. Tafadhali, msitie saini ya kupokea kazi kabla ya kuona kila tundu kwenye video hiyo.

Kuna pia harufu kali ya stirini, kemikali inayotoka kwenye resini. Kumimina maji kwenye mitego ya sakafuni (vipinda vya bomba vinavyotuamisha maji chini ya tundu la sakafu) huizuia kuingia ndani, na hilo mkandarasi alipaswa kututangazia mapema, hasa kwa wenye watoto wachanga na wagonjwa wa pumu.

Bitana hufuata umbo la bomba inalolikuta. Kipande chetu kimoja kilikuwa kimedidimia, maji yanatuama, na walitueleza waziwazi kwamba pale mfuko hautasaidia. Hapo tu ndipo palichimbwa shimo moja, kipande kikalazwa upya kwa mteremko unaofaa, ndipo mfuko ukapitishwa.