Bodi gani ununue kwa karakana ya ubunifu ya shule? Tumezipanga kuanzia ya kwanza

Hapa tunazungumzia bodi ndogo za elektroniki ambazo mwanafunzi huziandikia programu kwenye kompyuta, kisha huziunganisha na taa, vihisi na mota. Kila moja ni nzuri mikononi mwa mtu mmoja aliyetulia na mwenye muda. Darasani kuna wanafunzi 30, dakika 40, kompyuta zisizofanana na mwalimu mmoja. Ndiyo maana tumezipanga kwa kipimo kimoja tu: kengele ikilia, ni wanafunzi wangapi wameona kazi yao ikiwaka?

1. BBC micro:bit V2

Anza na hii. Ilitengenezwa kwa ajili ya darasa tangu mwanzo. Mwaka 2016 iligawiwa bure kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza, na V2 ikafuata mwaka 2020. Ina taa 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo, dira, maikrofoni, spika, na redio ya kutumiana ujumbe na micro:bit nyingine. Kwa hiyo vipindi vitano vya mwanzo havihitaji chochote zaidi ya kebo ya USB. Watoto wadogo hupanga vipande vya rangi kwenye MakeCode, tovuti ya kuandikia programu, wakubwa huandika kwa lugha ya programu ya Python. Programu ikikamilika, faili huburutwa hadi kwenye bodi kama unavyonakili kitu kwenye flashi. Hakuna cha kusakinisha, jambo linalookoa siku nzima pale ambapo kompyuta za shule zimefungwa kwa nywila ya msimamizi.

Angalia usiuziwe V1 kwa jina la V2. V2 ina spika mgongoni, nembo ya dhahabu inayohisi kidole, na kingo za matundu makubwa ya chini zimechongwa vijishimo vya kushikia klipu. V1 haina hata kimoja kati ya hivyo.

Mahali inapoharibikia ni palepale chini. Matundu ya 3V (umeme unakotokea) na GND (unakorudia) yamekaa jirani, na mwanafunzi akibana klipu kwa ubavu, meno yake hugusa vijistari vya pembeni na bodi hupiga shoti. Fundisha mapema: klipu isimame wima, jino moja lipite ndani ya tundu. Bodi isilazwe juu ya meza ya chuma ikiwa na umeme.

Kosa la pili ni mota. Kutoka tundu la 3V, V2 hutoa miliampia 190 tu kwa vifaa vya nje. Mota ndogo ya servo, ile inayogeuka hadi pembe unayoiagiza, ikikwama huvuta zaidi ya hapo, volti zinashuka, bodi inajizima na kuwaka upya, na mwanafunzi anadhani programu yake ina kosa. Ipe servo betri zake, AA tatu au nne, kisha unganisha GND ya betri na GND ya bodi. Bila waya huo wa GND, servo itatetemeka tu.

2. Arduino Uno R3

Kwa sekondari, baada ya micro:bit. Hutumia volti 5, kwa hiyo hukubaliana na vihisi vingi vya bei nafuu bila marekebisho, na mifano yake ni mingi kuliko ya bodi nyingine yoyote. Haina taa za maonyesho wala vihisi juu yake, hivyo kila kazi huanzia kwenye ubao wa matundu (breadboard), ambamo vifaa huchomekwa bila kulehemu, na waya. Hapo ndipo dakika zinapopotea.

Chagua toleo ambalo chipu yake ya ATmega328P ni ndefu na imechomekwa kwenye soketi. Mwanafunzi akiiunguza, unang'oa chipu na kuweka nyingine, mradi ununue iliyokwisha kuwekewa programu ya kuanzishia. Nakala za bei rahisi zinafaa kabisa, ila nyingi hutumia chipu ya USB ya CH340, na baadhi ya kompyuta haziitambui mpaka zisakinishwe draiva yake. Fanya hivyo wiki moja kabla, si asubuhi ya somo.

Ukipewa Uno R4, toleo la 2023, badilisha rezista, kile kipande kinachopunguza umeme unaopita. Pini ya R3 hubeba miliampia 20 bila wasiwasi. Ya R4 imewekewa kikomo cha 8. Taa nyekundu ya LED kwa rezista ya omu 220 huvuta karibu miliampia 14. Weka omu 470 ushuke hadi kati ya 6 na 7. Maelekezo mengi ya zamani bado yanasema 220.

3. Raspberry Pi Pico

Nafuu, ina nguvu, na inafundisha Python vizuri kupitia Thonny, programu ya kompyuta ya kuandikia Python. Nunua Pico H, ambayo pini zake zimeshalehemiwa. Pico ya kawaida huja bila pini, na kulehemu pini 40 kwa bodi 15 ni kazi ya wikendi. Kinachokera ni kwamba majina ya pini yameandikwa upande wa chini, hivyo ukiichomeka kwenye ubao hayaonekani. Chapisha mchoro wa pini, kila meza ipate wake. Hutumia volti 3.3: kihisi cha umbali cha HC-SR04 kikipewa volti 5, pini yake ya Echo ipitie kwanza rezista mbili za kugawanya volti, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2.

4. ESP32

Kwa klabu, si kwa darasa zima. Wi-Fi na Bluetooth zimo ndani, na kituo cha hali ya hewa kinachotuma vipimo kwenye intaneti ni mradi mzuri sana. Lakini bodi nyingi ni pana mno kwa ubao mmoja wa matundu, pini 34 hadi 39 hupokea tu, na baadhi ya bodi hudai ushikilie kitufe cha BOOT kila unapopakia programu.

Kwa watoto wadogo kabisa: Makey Makey. Hakuna kuandika programu. Ndizi au udongo wa kufinyanga hugeuka kitufe cha kompyuta. Chache zinatosha.

Orodha ya darasa la wanafunzi 30, wawili wawili

Bodi 18 (tatu za akiba), kebo 22, vishikio vya betri 18, waya zenye klipu 60, LED 100, rezista 100. Kebo ndizo hufa kwanza, na nyingi zinazouzwa rejareja ni za kuchajia tu: taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni kitu. Siku mzigo unapofika, jaribu kila kebo kwa bodi ileile, ile nzuri ifunge utepe wa rangi shingoni, nyingine rudisha. Kagua pia mbao ndefu za matundu. Mstari mwekundu wa pembeni ukikatika katikati, umeme haufiki nusu ya pili mpaka uvushe waya.