Kengele ya shaba kwenye usukani: miezi minane ya kuombana njia

Kengele niliyoanza nayo ilikuja na baiskeli. Ilikuwa ya plastiki, ndogo kama kifuniko cha chupa, na mlio wake ulikuwa "krr" ya mdudu aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Niliitumia miaka miwili bila kujua kama kuna binadamu aliyewahi kuisikia. Siku moja nikaipiga nyuma ya kijana aliyevaa vipokea sauti masikioni. Nikaipiga mara nne, na aliyegeuka ni mbwa wake. Jioni ileile nikaagiza nyingine.

Hii mpya ni ya shaba, ya kinyundo. Kikombe chake kina upana wa sentimita 5 hivi, na pembeni kuna kinyundo kilichoshikwa na springi bapa. Unakivuta kwa kidole gumba, unakiachia, kinagonga mara moja. Basi. Mlio unatoka wazi, halafu unafifia taratibu kwa sekunde tatu au nne, na huko kufifia ndiko nilikokulipia. "Krr" ya zamani ilikuwa ikikatika kabla mtu hajaamua kama amesikia kitu au hapana.

Wiki ya kwanza, lakini, nilidhani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nagonga, inatoa "tk" kama kijiko kwenye meza ya mbao. Nikaanza kutunga malalamiko kichwani, makali kwelikweli, kabla ya kuinama na kuona kwamba waya wa breki unagusa ukingo wa kikombe. Kengele ikiguswa na chochote, iwe waya, glavu au mfuko ulioning'inizwa kwenye usukani, imekufa. Nikaisogeza upana wa kidole kimoja kuelekea katikati, ikafufuka. Karatasi ya maelekezo haikusema neno juu ya hilo, ingawa ilikuwa na nafasi ya kunishukuru kwa lugha sita.

Kisha nikaipima. Nilimwomba mdogo wangu asimame kwenye njia iliyonyooka, amenipa mgongo, ainue mkono akisikia. Hatua hamsini: mkono juu. Akavaa vipokea sauti na muziki wake wa kawaida: hatua hamsini hakuna, thelathini hakuna, kumi na mbili ndipo akainua mkono, tena kwa mashaka. Akaingia ndani ya gari, vioo vimefungwa, redio imezimwa: hatua kumi alisikia. Redio ilipowashwa nilifika dirishani nagonga kama muuza maziwa, naye anatikisa kichwa kwa wimbo. "Kaka, ulikuwa unapiga?" akaniuliza aliposhuka.

Kwa hiyo kwa magari msiitegemee. Mlango wa gari lililoegeshwa ukifunguka mbele yako, kengele ni pambo. Kinachokuokoa ni kupita mbali na milango, umbali wa mlango mzima uliofunguliwa, hata kama dereva aliye nyuma yako ananung'unika kwamba umejipanua barabarani. Na ninaposhika usukani wa gari mimi mwenyewe, nafungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, kwa sababu mwili unalazimika kugeuka na macho yanaufuata. Nilianza tabia hiyo baada ya kununua kengele, si kabla. Nilipopima ni kitu gani dereva hasikii, nikakumbuka mimi nami ni dereva.

Ubora wake wote uko kwa watembea kwa miguu, na huko ndiko nilikokosea zaidi. Kwenye njia inayotumiwa na baiskeli na watu wa miguu pamoja, niliwakuta wawili wakitembea bega kwa bega. Nikagonga nikiwa hatua nne nyuma yao. Wakaachana, mmoja kushoto, mwingine kulia, nikaona nafasi katikati, nikailenga. Yule wa kulia akabadili mawazo na kurudi kwa mwenzake. Tairi langu lilisimama shubiri moja na kisigino chake. "Ulitaka niende wapi?" akaniuliza, bila hasira. Sikuwa na jibu. Kengele ilikuwa imemwambia kwamba nipo. Niko upande gani, naja kwa kasi gani, nataka nini, hayo hayakuwemo kwenye mlio.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni zaidi kidogo ya mita 5 na nusu kwa kila sekunde. Ukigonga ukiwa hatua nne nyuma ya mtu umempa nusu sekunde hivi, na ndani ya nusu sekunde mtu hafikiri, anaruka. Siku hizi nagonga nikiwa hatua kumi na tano au ishirini, mara moja tu, halafu naacha kukanyaga pedeli. Gurudumu la nyuma linaanza kulia "tik-tik-tik", na nimeona watu wanaielewa sauti hiyo kuliko kengele yenyewe: wanajua huyu anapunguza. Nikikaribia nasema kwa mdomo, "Napita kushoto kwako." Wengi wanajibu asante.

Kuna mtu mmoja ambaye simpigii kabisa. Ni mama mtu mzima, anatembea na fimbo nyeupe, nakutana naye karibu kila asubuhi. Mara ya kwanza nilimgongea kwa mbali, kwa heshima zote, nikidhani nafanya vizuri. Akasimama palepale, fimbo imeganda. Nilishuka nikamwomba radhi. "Mwanangu," akasema, "mimi nasikiliza magari nijue barabara iko wapi. Ukinipigia hiyo, inanifunika masikio. Na sisogei mahali nisipopajua. Wewe unayeona, wewe ndiye unizunguke." Sasa nampunguzia mwendo hadi wa mtu anayetembea, namsalimia kabla sijamfikia, na kukiwa kwembamba nashuka nakokota.

Baada ya hapo nikapata hamu ya kujua sheria zinasemaje kuhusu kifaa hiki kidogo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, tena isibebe chombo kingine cha kupigia kelele. Ufaransa wameandika kabisa: isikike umbali wa mita 50 angalau. Uingereza baiskeli mpya lazima iuzwe ikiwa na kengele, ila ukifika nyumbani unaweza kuing'oa na hakuna atakayekuuliza. Walionigusa ni Japani. Kule, kumgongea mtembea kwa miguu ili akupishe kwenye njia yake ni kosa. Ukiwa kwenye njia ya miguu unatakiwa uende polepole, na ukiona utamzuia mtu, usimame. Nilipolisoma hilo nilifikiria ile "Ulitaka niende wapi?" na nikaona aibu kidogo.

Kwa skuta za umeme, nilimwazima jirani yangu kengele hii kwa siku tatu, maana ya kwake ni kitufe kinacholia "bip" kama mashine ya kupimia bei dukani. Anasema watu waligeuka mapema zaidi. Naamini, kwa sababu skuta haina tik-tik wala mnyororo. Inakujia kimya kama paka. Ulaya magari mapya ya umeme yanalazimishwa kutoa sauti yanapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, lakini skuta hazimo humo. Ujerumani wanazitaka ziwe na kengele, zisizidi kilomita 20 kwa saa na zisipande njia ya miguu. Singapore nao walizifukuza njia za miguu Novemba 2019. Kengele nzuri haisaidii kitu, hata hivyo, skuta ya kukodi ikishalazwa kwa ubavu katikati ya njia, usukani umetokeza usawa wa ugoko. Wakazi wa Paris waliopiga kura Aprili 2023, ingawa walikuwa wachache, karibu asilimia 89 walizikataa za kukodi, na kabla ya Septemba zilikuwa zimeondolewa.

Kasoro. Mvua ikinyesha, matone yanakaa juu ya kikombe na mlio unazimika hadi uyafute kwa kiganja. Shaba inaingia weusi mwezi wa pili. Mimi nimeuacha, unaipendeza. Kubwa ni skurubu. Iliyofunga kikombe ililegea mara mbili kwa mtikisiko wa barabara mbovu, na mara ya pili kikombe kiliruka kwenye mteremko, kikabingirika mbele yangu kama sarafu kubwa, kikilia njia nzima vizuri kuliko kilivyowahi kulia kikiwa mahali pake. Watu wote walisogea. Nilikikuta chini ya benchi, na kibonye upande mmoja ambacho kimeushusha mlio kidogo. Si vibaya, masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na tangu siku ile naona wazee wanageuka upesi zaidi.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu skurubu, wakanijibu niikaze. Nimeikaza, nikaweka na tone la gundi ya skurubu. Kabla ya kununua pimeni unene wa usukani wenu: mkanda wake unashika bomba la milimita 22.2, na kwenye ile sehemu nene ya katikati, ya milimita 31.8, hauingii hata kwa kubembeleza.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakapoifunga kwa nati ya kujikaza.