Semina ya kutafuta kusudi, elfu 25 kwa kichwa: maoni ya shangazi mtu

Nyota tatu kwa tano. Nazieleza hapa chini, msinirukie kabla hamjamaliza kusoma. Jina la waandaaji silitaji, Kigoma yetu hii ndogo, mmoja wao mke wake ananunua vitenge kwangu na bado ana deni, nikimchafua mumewe hapa deni langu ndo limeenda na maji.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni 2024. Mwenye shida ni mtoto wa kaka yangu, namuita dogo tu. Kamaliza form four Novemba 2023, matokeo kutoka divisheni four, tena ile ya mwishoni mwishoni. Kaka yuko Kasulu analima maharage, akanipigia akaniambia dada mchukue huyu mtoto hapa kijijini atanitia kichaa, haongei, ukimuuliza unataka kufanya nini anakwambia chochote tu. Nikamchukua. Mwanzoni akapata kibarua kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, pale Katonga, usiku ziwani asubuhi analala, hela inatosha vocha na soda, nikasema si haba. Ikafika tarehe 15 Mei serikali ikafunga uvuvi ziwa Tanganyika miezi mitatu samaki wazaliane, na dogo naye akafunga. Yaani alilala jamani. Narudi dukani jioni namkuta na bukta ileile ya asubuhi, sahani aliyolia ugali iko chini ya kiti na nzi wako mkutanoni.

Tangazo nililiona kwenye status ya mtu. Gundua kusudi lako, siku mbili, chakula cha mchana, daftari na cheti, elfu 25. Kwa duka langu pale soko la Mwanga hiyo ni faida ya siku nzuri, na siku nzuri kipindi kile hazikuwepo kwa sababu ziwa likifungwa mji mzima unafunga pochi, wateja wangu ndo hao wake za wavuvi na wauza dagaa. Lakini nikalipa. Mtu akishamuona kijana amelala wiki ya tano mfululizo analipa tu.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma kama saa moja nikakimbilia dukani, siku ya pili nilikaa mpaka mwisho maana walialika wazazi na walezi. Kwenye tangazo imeandikwa saa 2 kamili asubuhi, wameanza saa 4 kasoro, muda wote huo tunasikiliza spika inapiga mluzi na kijana mmoja anasema heloo moja mbili. Alafu akaingia kochi wao katoka Dar, viatu vimechongoka, akashika maiki akasema Kigoma mwisho wa reli ila sio mwisho wa ndoto! Ukumbi kimya. Hiyo ya mwisho wa reli tunaisikia toka darasa la pili, kila mgeni akishuka anadhani kaitunga yeye. Ikafuata ile ya mwambie jirani yako wewe ni lulu. Jirani wa dogo alikuwa binti hata hawajuani, wote wawili wakaangalia sakafu.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. La kwanza lilikuwa kupimwa tabia, unajaza karatasi unatoka sanguini, koleriki, melankoli au flegmatiki. Dogo katoka flegmatiki, kafurahi kweli, kaja nyumbani ananiambia shangazi mimi sio mvivu bali ni flegmatiki. Nikasema hebu subiri. Nikaja kusoma baadaye kumbe hayo mambo ni ya waganga wa Ugiriki ya kale, kina Hippocrates na baada yake Galen, waliamini mwili una maji ya aina nne, damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na makohozi, likizidi moja ndo linakupa tabia. Flegmatiki ni mtu wa makohozi! Nimelipa elfu 25 mtoto aambiwe ana makohozi. Kama mchezo wa kuchangamsha watu sina neno, shida ni pale watoto wanapolibeba kama cheti cha kuzaliwa. Binti wa jirani yangu alienda semina hiyohiyo, mpaka leo ukimwambia njoo unisaidie dukani anasema mimi melankoli siwezi wateja.

Lingine yale maduara manne yanayoingiliana, unachopenda, unachokiweza, dunia inachohitaji, na unachoweza kulipwa, katikati wanaandika ikigai, eti siri ya Wajapani kuishi miaka mingi. Neno ni la Kijapani kweli, ila ule mchoro kaja kuuunganisha jamaa anaitwa Marc Winn mwaka 2014, kachukua maduara ya Mhispania mmoja Andrés Zuzunaga, pale katikati palipoandikwa kusudi akabandika neno la Kijapani. Basi. Sio dhambi, mchoro unasaidia mtu ambaye tayari ana mawili matatu ya kuandika humo. Lakini mpe mtoto wa miaka 19 ambaye hajawahi kufanya kitu zaidi ya kuvuta nyavu miezi miwili. Daftari la dogo ninalo hapa, duara la kwanza kaandika mpira, la pili kaandika mpira kidogo, la tatu amani, la nne sijui. Na mimi ukinikalisha hapo ukanipa kalamu nitaandika nini? Vitenge nimeanza kuuza kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na meza yake ilikuwa wazi, sikukaa kuchora duara.

Halafu kuna zoezi karibu livunje semina. Waliambiwa waandike maneno ambayo wangependa yasomwe siku ya mazishi yao, ili wajue wanataka kukumbukwa kwa lipi. Sasa wewe uje Kigoma na walezi wamekaa nyuma, uwaambie watoto waandike msiba wao. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu kasimama na kanga yake, nyinyi mnawaandikisha watoto wetu kifo? Mwanangu lete hilo daftari tuondoke. Kochi anacheka anadhani utani. Ikabidi mwenyeji mmoja ashuke jukwaani amuombe radhi mama taratibu kwa Kiha, ndo akakaa, daftari akalikalia yeye. Naelewa wanachotaka, ila mtu wa huku angejua kuuliza kwa njia nyingine, mfano siku ya harusi ya mdogo wako unataka mshenga akusemeje.

Chakula kilikuwa kizuri, niwe mkweli. Wali wa nazi na mgebuka wa kukaanga (ziwa limefungwa, sijui walimtoa wapi na sikuuliza), kila mtu alishiba.

Nyota zangu zote tatu zinatoka kwenye nusu saa moja baada ya hicho chakula. Walimualika fundi wa injini za boti kutoka Kibirizi, mzee wa makamo, kaingia na mfuko wa salfeti. Kapewa maiki kaiweka pembeni. Katandika boksi juu ya meza, katoa kabureta, kasema hii imetoka kwenye boti ya abiria, injini farasi arobaini, inazimika ikifika katikati ya maji, nani anataka kuona kwa nini? Vijana wakasogea, na mimi nikasogea. Akafungua kile kibakuli cha chini, ndani kuna maji maji na uchafu kama chai iliyolala, akasema petroli ya madumu hii. Akatoa kidude kidogo cha shaba, jeti, kina tundu la kupenyeza unywele, akakiinua dirishani, akawa anawapa mmoja mmoja waangalie, unaona mwanga? Wengine wanasema ndio ili waonekane wameona. Ikafika zamu ya dogo, kakaa nacho jichoni muda mrefu, kasema haupiti.

Fundi akamuangalia. Akachukua kipande cha waya wa umeme, akachuna, akatoa uzi mmoja tu, akampa. Toa. Usitumie sindano, sindano inapanua tundu, injini itakunywa mafuta mpaka mwenye boti akufukuze. Dogo akaanza, dakika kumi nzima, kochi anaangalia saa maana ratiba ilikuwa inasubiri kubandika picha za ndoto, fundi wala hajali, kakaa tu kama mtu anayesubiri maji yachemke. Alipomaliza akainua tena dirishani, akampa fundi, fundi kaangalia kasema Jumatatu saa 1 asubuhi mwaloni, ukichelewa usije. Hilo la kusudi wala hakuligusa.

Kumbe mzee alikuwa na shida ya mikono. Ziwa likifungwa boti za uvuvi zinavutwa juu na kila mtu anakumbuka injini yake mbovu kwa wakati mmoja, kwake zilikuwa zimepangwa ukutani kama mbuzi wa mnada. Kwa hiyo kwa dogo ulikuwa msimu wa kulala, kwa fundi ndo msimu wa kazi. Hili nimelifikiria sana.

Mwezi wake wa kwanza hajalipwa, anapewa chakula cha mchana tu, na mimi nilinung'unika, nikasema huyu kapata punda wa bure. Anarudi ananuka petroli, viganja vinachubuka kwa kuosha vyuma. Siku moja karudi amenyong'onyea, nikajua kafukuzwa. Kumbe nusura aweke petroli kavu kwenye injini ya mtu bila kuchanganya oili, fundi kampiga mkono, mpira wa mafuta ukadondoka. Akakaa kwenye mkeka pale jikoni akaanza kunieleza, kwamba zile injini hazina oili yake kivyake kama gari, oili inapita humohumo kwenye petroli, ukisahau pistoni inashika, na ikishika usiku ziwani mbele ya kijiji cha Kalya na watu wamo ndani wewe ndo umewaua. Nusu saa anaongea! Mboga yangu imeungua. Huyu ndo yule ambaye baba yake alisema haongei.

Zile picha za ndoto nazo tunazo. Manila kubwa, kabandika ghorofa, gari jeupe, uwanja wa ndege, kaigandisha sebuleni kwangu kwa gundi ikang'oa rangi ya ukuta. Baada ya miezi mitatu hivi nikaikuta chini uani, kaigeuza, juu yake kapanga skurubu za kabureta kila moja kazungushia kalamu aandike inakaa wapi. Gari jeupe limelowa grisi.

Yasiyonifurahisha mengine, grupu la WhatsApp la baada ya semina. Wiki mbili za kwanza maneno ya kutia moyo, wiki ya tatu wanauza koching ya mtu mmoja mmoja kwa laki na nusu, wiki ya nne kaingia mtu anauza vidonge vya kusafisha damu. Nimejitoa. Na cheti, kizuri kina utepe, dogo kakiweka ndani ya Biblia, hakuna sehemu kimewahi kuombwa.

Wakati vitu vya kuwaambia vijana vipo na ni bure. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi wa serikali, wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini mtaani na kumpa cheti kinachotambulika, hili tumekuja kuambiwa na fundi mwenyewe. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu, kijana unatakiwa uwe na kikundi, sasa vijana mmewakusanya ukumbi mzima, mlishindwa hata kuwaambia waunde kikundi? Pale Kihinga kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, cha utafiti wa michikichi, Kigoma nzima tunakula mawese, siku mbili hakuna aliyetaja mchikichi hata kwa bahati mbaya. Mngemleta mama mmoja anayekamua mawese aje na ndoo yake, mama anayekausha dagaa, seremala wa boti, kila mmoja na kitu mezani kinachoshikika. Kochi abaki, ana sauti nzuri, awe anakaribisha watu.

Na sio kwamba dogo kapona kila kitu. Bado anachelewa kurudi, bado hela ikiingia inaishia kwenye viatu, na baba yake anasikitika mtoto hakwenda form five. Lakini sasa analipwa kwa kazi, mwezi uliopita kanilipia luku bila kuombwa. Nilimuuliza juzi ile semina ilikusaidia? Akafikiria, akasema chakula kilikuwa kizuri shangazi, alafu akaniomba nimuamshe saa 11 alfajiri kuna injini ya watu wa kusini wanaondoka na boti asubuhi.

Kwa mzazi anayeuliza apeleke au asipeleke: mpeleke, ila wewe mwenyewe kaa pale siku ya pili, angalia mwanao anasogea meza ipi, hilo hawatakuandikia kwenye cheti. Ya laki na nusu usilipe.

Wametoa tangazo la nyingine, safari hii elfu 35. Mdogo wake dogo wa kike anamaliza mwaka huu na kaka ameshaanza kupiga simu. Nimewapigia waandaaji kuuliza kama fundi atakuwepo, wakaniambia dada, tuna kochi mpya kutoka Dodoma, ni moto. Nikauliza tena, fundi? Wakasema ratiba bado inaandaliwa. Basi naisubiri ratiba, hela iko kwenye kibubu.