Presha kuka ya umeme ya lita 6: uniti inazokula na mahali inaposhindwa

Ukitaja kupika kwa umeme, jibu la watu wengi ni lilelile: LUKU itakwisha kabla maharage hayajaiva. Kwa jiko la koili wana haki. Koili inapasha sufuria na hewa ya jikoni kwa pamoja, na mvuke wote unapotelea darini. Presha kuka ya umeme ni chombo kingine kabisa. Imefungwa, ina kuta mbili, na presha ikishapanda inazima koili yenyewe, kisha inaiwasha kidogokidogo tu kulinda joto. Yangu ni ya lita 6, wati 1,000. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka, na vyakula vya kila siku nimevipima kwenye mita: zima friji na kila kitu kingine, soma uniti, pika, soma tena.

Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku kucha, na maji lita moja na nusu: dakika 14 kupandisha presha, dakika 25 kuiva, uniti 0.32. Yasiyolowekwa yanataka dakika 50 na uniti 0.45 hivi. Mteja wa T1, kundi la bei ya kawaida ya umeme, ambaye uniti pamoja na kodi na tozo inamfikia kwa shilingi 356 hivi, anapika sufuria hiyo kwa shilingi 114 hadi 160. Wa D1, kundi la nafuu la watumiaji wadogo, anayelipa 122, hafiki hata 60. Kwa mkaa, maharage makavu hukaa jikoni saa mbili na zaidi, na karibu kilo nzima ya mkaa inateketea. Weka bei ya mtaani kwako uone tofauti. Nyama ya mifupa huiva kwa dakika 35, makande dakika 50, makongoro saa nzima. Wenye nyumba Mbeya au Njombe watanufaika kuliko wa Pwani, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu na maharage hugoma kulainika. Ndani ya presha joto linafika 110 hadi 120, popote ulipo.

Hapa lazima niseme kuhusu bei ya umeme, maana ndiyo inayoamua kama chombo hiki kinakufaa. D1 ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Familia inayotumia uniti 55 kwa taa, televisheni na friji, ikianza kupika milo miwili kwa siku, inaongeza uniti 24 hivi na kufika 79. Zile za juu ya 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya tozo badala ya 100, na ukivuka mara kwa mara unahamishiwa T1, uniti zote. Yaani anayeacha mkaa ndiye anayepandishiwa bei. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo 2034, na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Umeme wa maji yetu wenyewe upo. Gesi ya mitungi tunaiagiza nje, na ruzuku ya mitungi imesikika kila kona. Naona kikomo cha D1 kilistahili kuangaliwa upya kabla ya mtungi wa kwanza kugawiwa.

Kuhusu matatizo. Linaloanza karibu kwa kila mtu ni presha kugoma kupanda: mvuke unafuka pembeni mwa mfuniko, na maji yanakauka. Mara nyingi ni mpira wa mfuniko, ama umetoka kwenye mfereji wake, ama una punje ya wali chini yake. Uvue, uoshe, uurudishe. La pili ni kile kipini kidogo kinachopanda presha ikijaa. Ganda la harage hukibana. Kisukume kwa kidole kabla ya kila kupika, kicheze. Hapa ndipo magadi yanapoleta balaa: yanatoa povu, povu linapanda na kuziba njia ya mvuke. Usiyatie kabisa, hayahitajiki, na kwa maharage usivuke nusu ya sufuria. Usiachie mvuke ghafla pia. Subiri dakika 10 hadi 15 kipini kishuke chenyewe.

Umeme mdogo wa jioni ni kero ya kweli. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, wati 1,000 zinabaki 610 hivi, na zile dakika 14 za kupandisha presha zinakaribia 25. Si ubovu wa chombo. Umeme ukikatika katikati, zile za vitufe nyingi husahau zilipofikia na lazima uanze upya kwa kukadiria. Yenye kitasa cha kuzungusha inaendelea umeme ukirudi. Kwa hali ya mitaa yetu ningenunua ya kitasa, japo haina urembo. Na ichomeke kwenye soketi ya ukutani. Inavuta ampea 4 na ushee kwa muda mrefu, na ekstensheni za waya mwembamba huyeyuka plagi.

Futa sufuria ya ndani kwa nje kabla ya kuirudisha. Tone la maji likiingia kwenye sensa, kile kitufe chenye springi katikati ya pleti, kupima joto kunaharibika na chakula kinaungua chini. Tumia mwiko wa mti. Kijiko cha chuma kinabandua rangi ya ndani.

Ugali haiwezi. Sufuria inazunguka unaposonga, na haina pa kushika. Chapati vilevile, kwa hiyo jiko la pili utalihitaji. Tui zito litie mwishoni bila mfuniko, vinginevyo linakatika. Wali unatoka vizuri, maji kikombe kwa kikombe kwa kuwa hakuna yanayopotea, lakini ukoko usahau.

Nyota 4 kati ya 5. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anauza mpira wa mfuniko peke yake. Huchoka baada ya mwaka hivi na kuanza kuvujisha. Za lita 5 na 6 mara nyingi hutumia kipenyo cha sentimita 22, ila upime wako kwanza. Ukiukuta, nunua miwili siku hiyohiyo.