Jini wa mtandaoni kwa dola 65: pete nzuri, masharti hayasemwi

Mie nauza udi. Kibanda changu kiko Unguja mjini, nyuma ya soko la Darajani, upande wa kuelekea Mkunazini, na huu ni mwaka wa kumi na nne nimekaa hapo. Wateja wangu wa siku zote ni mabibi harusi, wanawake ambao waume zao wanarudi safari, na wazee wa vilinge vya kupungia pepo wanaochukua ubani kwa kilo. Lakini miaka mitatu minne hii naingiliwa na kundi jipya: vijana wa Kizungu, na sasa hata watoto wetu wa mjini, wananifungulia simu na kunionesha picha ya pete. "Nipe udi wa kumlisha huyu." Huyu nani? "Mwandani wangu." Mara ya kwanza nilidhani kijana kaposa.

Kitu ukiulizwa kila wiki, mwisho utakitafuta na wewe ukione. Nikanunua.

Duka silitaji, maana nna malalamiko nalo na sitaki maneno. Liko mtandaoni, mwenye nalo anasema yuko Marekani, na biashara yake ni kuuza pepo waandani: unachagua, unalipa, unaletewa pete au kidani ambacho pepo "amefungwa" humo. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyenisomea orodha, tumekaa barazani baada ya Isha. "Jini, mwanamme, umri miaka 900, mpole, anapenda biashara, dola 65. Joka, dola 120. Malaika, wamekwisha."

Nikamwambia rudia hapo pa malaika.

"Wamekwisha, mama mdogo. Wanasema watapatikana tena mwezi ujao."

Orodha yenyewe imegawiwa vizuri, niseme haki. Wana pepo wa ulinzi, wana wa wahenga, wana majini, na wana wale wanaowaita kwa Kizungu pepo wa mchawi, mnyama mdogo anayefuatana na mtu. Hawa wa mnyama mpwa aliwatafuta zaidi usiku uleule, akaniletea kisa cha mahakama ya Chelmsford, Uingereza, mwaka 1566. Mwanamke mmoja, Elizabeth Francis, alisema paka wake kapewa na bibi yake, akamfuga miaka kama kumi na tano, akimlipa kwa tone la damu kila akimtuma. Alipomchoka akampa jirani yake Agnes Waterhouse kwa bei ya keki. Agnes akanyongwa. Nilipenda kisa hiki kuliko orodha nzima, kwa sababu ni cha kwetu kabisa: pepo wa kurithi kwa bibi, anataka chakula chake, na humwachi hivihivi ila umpe mwengine. Duka linauza wanyama haohao na hayo yote limeyaruka. Limeandika tu "mwaminifu, hodari kwa watu wanaoishi peke yao".

Kuna na aina ya tano, ya kujitengenezea. Wanawaita tulpa, au sevita. Hununui pepo, unanunua mafunzo ya kumfikiri mpaka awe. Jina la tulpa lilienea kwa Mfaransa Alexandra David-Néel, aliyetembea Tibet na kuandika mwaka 1929 kwamba alijifikiria mtawa mfupi mnene mpaka akamwona, kisha mtawa akaanza kubadilika na kuwa mkaidi, na kumfuta ilimchukua miezi sita. Mafunzo ya kumfikiri ni dola 30. Ya kumfuta sikuyaona popote, na hapo ndipo nilipoanza kulishuku duka.

Nikachagua jini wa biashara. Ningechagua nini mwengine?

Kabla hawajakuuzia unajaza fomu, na fomu ndiyo kitu bora kuliko vyote walivyonavyo. Inauliza umefiwa karibuni? Unasikia sauti? Unatumia dawa za maradhi ya akili? Ukijibu ndiyo popote, inakwambia umwone daktari kwanza, na hawakuuzii mpaka zipite siku thelathini. Ningekuwa na kofia ningewavulia. Nawajua waganga hapa mjini, tena wenye majina, ambao mtu akija na msiba mbichi ndiyo kwanza wanafurahi. Jirani yangu aliyeachwa na mume aliambiwa ana jini mahaba, akatoa mbuzi, akatoa kitambaa cheupe dhiraa saba, akatoa na cherehani. Hakuna aliyemuuliza kama analala usiku.

Fomu iliharibu mahali pamoja tu. Iliuliza tarehe ya kuzaliwa, ikanijibu kwamba nyota yangu ni samaki na jini wangu atakuwa wa maji. Sasa kwetu nyota haitafutwi hivyo. Inatafutwa kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake, kwa jina lako na la mama yako. Mie Maryam: mim 40, re 200, ye 10, mim 40, jumla 290. Mama yangu Fatma: fe 80, alifu 1, to 9, mim 40, na te ya mwisho inahesabiwa 5, jumla 135. Ukijumlisha ni 425. Unagawa kwa 12, inabaki 5, na ya tano ni Asadi. Simba! (Wapo wanaoihesabu ile te 400, ukifanya hivyo inabaki 4 na nyota inakuwa Saratani, kaa. Ugomvi huo wa zamani sana na hauishi leo.) Lakini hata hao wanaogombana hakuna asiyemuuliza mama. Duka linataka kunipa mwandani wa maisha na halijui nimezaliwa na nani.

Mzigo alipokea binamu yangu Muscat, ndiye aliyenilipia kwa kadi, akaja nao Shaabani ndani ya mfuko wa halwa. Kaniambia wiki mbili zile kisanduku kililala nje kwenye roshani, chumbani hakukiingiza.

Ndani mlikuwa na pete, cheti, karatasi ya maelekezo na kijaluba cha ubani.

Pete ni nzuri. Fedha ya kweli, ina muhuri wa 925, na jiwe ni akiki nyekundu iliyoiva, sio kioo. Nimeishika juani, nimeiweka ulimini ikawa baridi kama inavyotakiwa. Ila niliagiza namba saba wameleta sita, ikaishia kidole cha mwisho.

Ubani nilicheka. Karatasi imeandika "ubani wa Oman". Mie huu ndio ugali wangu. Ubani wa Dhofar ukiuweka juu ya kaa unalainika taratibu, unatoa moshi mweupe, na mwanzoni unanukia kama ganda la limau. Huu wao ulishika moto puu, ukatoa moshi mweusi na harufu ya rangi ya mlango. Mpwa akatoka nje kukohoa. Mtu anayeuza jini wa miaka 900 na hawezi kumtafutia ubani wa kweli, mie jini huyo namwonea huruma.

Cheti kinasema pete ndiyo bidhaa, na pepo ni zawadi. Nikauliza kwa nini zawadi. Mpwa akanieleza: zamani vitu hivi vilikuwa vikiuzwa wazi kwenye soko la mtandaoni la eBay, mwaka 2012 wakakataza uuzaji wa mazinguo na uganga, na Etsy nao wakabana mwaka 2015. Basi wauzaji wakajifunza. Wanauza pete, pepo wanamtia kama nyongeza, kama muuza samaki anavyokurushia dagaa wawili. Ukilalamika kwamba jini hayumo, risiti yako inasema ulinunua pete, na pete si umepata?

Maelekezo yanasema usiku 21. Vaa pete, fukiza, taja jina lake mara tatu, lala. Jina walilonipa siliandiki, shangazi kanikataza. Nilifanya siku ishirini na moja kamili, udi nikatumia wangu. Usiku wa tatu paka walipigana juu ya bati. Usiku wa kumi na moja niliota mwanamme ananidai chenji ya pweza. Basi. Biashara ilipanda kidogo, lakini ilikuwa Shaabani, watu wote wanafukiza.

Najua wapo watakaonitajia aya ya sita ya Suratul Jinn, kwamba watu waliokwenda kujikinga kwa majini waliongezewa madhila. Naijua, niliihifadhi chuoni nikiwa mdogo. Na kwa kuwa tumefika hapo, duka lina orodha nyengine ya bei kubwa, ya pepo 72 kutoka kitabu cha Kizungu cha karne ya 17 kinachodai Mfalme Suleiman aliwafungia ndani ya chombo cha shaba. Suleiman huyohuyo anayetajwa na waganga wetu kwenye talasimu. Na Suratul Jinn ni sura ya 72. Mpwa anasema sadfa. Na iwe sadfa.

Siku ya ishirini na mbili nikapanda boti bandari ya Malindi hapa Unguja, nikashuka Mkoani, Pemba, nikapanda gari mpaka Wete kwa shangazi yangu. Shangazi ana kilinge, ni kiti cha ruhani, yaani pepo huyo humpanda yeye, tangu msichana, alimrithi kwa mama yake. Nilitaka mtu wa kazi aione bidhaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo pete n'nini?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anachambua mchele, akaniuliza swali moja: "Sasa huyu kakuchagua yeye, au umemchagua weye?"

Hapo ndipo penye tafauti yote, na nilihitaji kwenda Pemba kuisikia. Kwetu masheitani (naandika hivyo Kiunguja, mtu wa bara asishituke) wana makabila: ruhani wa Kiarabu anayetaka halwa, marashi na usafi, kibuki wa Bukini (Madagaska) anayetaka brandi, kihabeshi, rubamba wa hukohuko Pemba. Lakini hakuna anayekwenda kuchagua kama kanga. Mtu anaumwa, anapelekwa kilingeni, anafukizwa, akipanda mwenyewe anaulizwa: nani weye, kabila gani, unataka nini? Ndiyo anatoa masharti, na watu wanabishana naye bei mpaka alfajiri. Shangazi kila Shaabani anamwandalia wake chano: halwa, mkate wa mayai, ndizi mbivu, marashi, kikombe cha kahawa. Kisha kilinge kinafungwa kwa Ramadhani. Hesabu yake ya mwaka ni zaidi ya dola 65, na ni miaka hamsini sasa. Mkia wa ng'ombe na nyama ya mbuzi hali, ruhani hapendi. Harusi ya mwanawe wa kwanza alikula wali mkavu.

"Wako anakula nini?" akaniuliza.

Karatasi haikusema. Nikamwambia mpwa awaandikie. Wakajibu baada ya siku nne: pepo wao hawahitaji chochote, wanaishi kwa mapenzi ya mwenye pete. Tukauliza tena, na nikitaka kumuaga? Jibu likaja siku ileile, mbio! Kuagwa ni huduma ya pekee, dola 40, na pete irudishwe kwa gharama yangu.

Hili ndilo lalamiko langu, mengine yote ni utani. Mkopo wa benki wanakusomea masharti kabla hujaweka saini, hata kama wanasoma haraka. Hawa wanakwambia mlango wa kutoka ukishaingia, na wana bei yake. Ikiwa hamna kitu ndani ya pete, nalipia dola 40 za nini? Na ikiwa kimo, mtu mpweke huko aliko anakaaje na kitu asichojua kinakula nini, akifa nani anakirithi? Paka wa Chelmsford angalau bei yake ilikuwa keki.

Nyota, kwa hesabu ya dukani na sio ya abjadi: fomu tano, pete nne (ile namba), ubani sifuri, huduma baada ya kununua moja. Anayetaka pete ya akiki kwa bei ya wastani anunue. Anayetaka mwandani aulize kwanza kwa maandishi anataka nini na anaondokaje, na jibu alihifadhi.

Pete sinayo tena. Usiku ule Wete, nilipokuwa najiandaa kulala, shangazi alipiga mwayo, akapiga wa pili, macho yakabadilika, akanyosha mkono na kusema kwa ile sauti yake ya Kiarabu kwamba akiki ile anaitaka. Hakuna aliyebisha. Sasa imo ndani ya chano chake, kwenye kisahani cha marashi, namba sita imemkaa sawasawa.

Ijumaa iliyopita kanipigia simu, sauti yake mwenyewe safari hii, kuniuliza kama duka lile wana na za feruzi.