i7 ya laptopu, i5 ya mezani: mashine mbili za studio yangu Mwanga, Kigoma

Stika ya i7 ndiyo iliyoniponza (i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta). Nilitoa shilingi 850,000 kwa laptopu ya mtumba, muuzaji akinihakikishia, "Dada yangu, hii i7, haina cha kuishinda." Sikumbishia. Kwa hesabu yangu saba ni zaidi ya tano, kwisha.

Kazi yangu ni video za harusi na sendofu hapa Kigoma mjini. Kurekodi si tatizo, kinachoniua ni kurenda, yaani kuiachia kompyuta igeuze kazi niliyohariri kuwa video moja iliyokamilika. Harusi ya kwanza niliyoirenda kwa laptopu hiyo ilikuwa ya Ujiji, video ya saa moja hivi. Mwanzo ilikwenda vizuri mno, ikaandika kwamba zimebaki dakika 40. Nikaenda kuchukua chai. Narudi, zimebaki 55! Feni inavuma kama mashine ya kusaga, na juu ya vitufe huwezi kulaza kiganja. Ilimaliza kwa dakika 74.

Nilidhani nimeuziwa mbovu. Fundi wangu akaifungua, akapuliza vumbi, akaweka dawa mpya ya kupoza, kisha akaniuliza swali ambalo dukani hakuna aliyeniuliza: "Dada, ulisoma herufi ya mwisho?"

Prosesa yenyewe ni Core i7-7500U. Hiyo U ndiyo habari yote. Ni prosesa ya kula umeme kidogo, imepangiwa wati 15, ina viini viwili tu (kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa), kila kimoja kikijigawa kubeba kazi mbili. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.7, na inaweza kupanda mpaka 3.5. Ila kupanda ni jambo moja, kukaa juu ni jingine. Ndani ya bodi nyembamba yenye kifeni kimoja, joto likijaa inajipunguza yenyewe isiungue. Ndiyo maana dakika zangu zilikuwa zinaongezeka badala ya kupungua. Haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa mtu wa ofisini anayetaka betri ikae, mimi nikaitwisha harusi nzima.

Baadaye nikaagiza Dar boksi la mezani (lile ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu ni kile kidude kidogo cha ndani, yaani prosesa yenyewe). Sisi wa mwisho wa reli mzigo unatufikia umeshachoka, lakini hili lilifika salama kwa basi, shilingi 480,000 bila kioo. Ndani kuna Core i5-8500: viini sita, gigahezi 3.0 hadi 4.1, wati 65, na nyuma ya namba hakuna herufi. Nikachukua faili lile lile la Ujiji, programu ile ile, ramu 16 huku na huku. Dakika 27. Na tangu mwanzo mpaka mwisho mwendo haukubadilika, kwa sababu kuna bonge la chuma la kupozea na feni yenye nafasi ya kuvuta hewa.

Nisiwadanganye, ulinganisho huu hauko sawa kabisa. i5 yangu ni ya kizazi cha nane, i7 ni ya saba. Katika kizazi hicho cha nane hata laptopu zenye U ziliongezewa: i5-8250U ina viini vinne kwa wati 15 zile zile. Kwa hiyo laptopu ya i5 inaweza kuizidi laptopu yangu ya i7, jambo ambalo bado linaniuma nikikumbuka bei.

Wala kila kompyuta ya mezani si mkombozi. Jirani yangu wa stesheneri anayo yenye i5-4570, viini vinne, wati 84. Kurenda, anaipita laptopu yangu. Lakini mpe video ya simu iliyorekodiwa kwa H.265 (njia ya kubana video iwe ndogo), picha inakwamakwama, kwa kuwa kizazi kile cha nne hakina sehemu maalumu ya kuifungua. Laptopu yangu inayo, inacheza bila jasho.

Kuandika barua, risiti, kufungua intaneti? Huwezi kuzitofautisha. Kama kazi yako ni hiyo, okoa umeme.

Na umeme ndio unaoniumiza kwa boksi. Ukikatika katikati ya kurenda, kazi imekwenda. Imebidi ninunue yupiesi (boksi la betri ya akiba), nayo inanipa kama dakika kumi za kuhifadhi na kuzima. Laptopu haina habari, inaendelea na betri.

Jingine: Windows 10 iliachwa kuhudumiwa rasmi Oktoba 14, 2025. i5-8500 imo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, i7-7500U haimo. Wauzaji wa mtumba hawaligusi hilo, kwa hiyo ukifika dukani washa mashine, fungua taarifa za mfumo, usome namba yote ya prosesa mpaka herufi ya mwisho. Ukiona H, hiyo ni ya laptopu zenye nguvu, kawaida wati 45, nzito kidogo begani.

Laptopu sijaiuza. Jumamosi hii inapanda gari na mimi kwenda sendofu Uvinza, kunakili kadi za kamera ukumbini. Boksi litasubiri nyumbani, Jumapili ndiyo zamu yake.